Buli langu linacheza mezani

Maswali kwa mfinyanzi

Mwezi huu nimepokea barua tatu ninazoweza kuzijibu hapa. Ya kwanza nimeipa nafasi karibu yote kwa sababu mwenye barua ana haraka, na kwa sababu kosa analotaka kulizuia niliwahi kulifanya mimi mwenyewe.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu. Mwaka jana kwenye Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, nilinunua buli la udongo kwa mzee mmoja mfinyanzi. Ni la kijivu kinachoelekea kijani, lina michirizi ya kahawia iliyoteremka yenyewe kutoka shingoni, na linaingiza vikombe vitano. Chini kidogo ya mkono pana alama ya dole gumba la huyo mzee, alibonyeza udongo ukiwa mbichi. Nililipenda kwa ile alama.

Shida yangu ni kwamba linacheza. Nikiliweka mezani linagonga ko-ko-ko, na nikilijaza chai ndiyo naogopa kabisa. Nimejaribu kupima: upande mmoja kadi mbili za benki zinapita chini ya kitako, ya tatu inakataa. Mume wangu anasema alipeleke kwa fundi wa vyuma alisawazishe kwa grinda, ni kazi ya dakika mbili. Mama mkwe anasema nikunje karatasi niweke chini yaishe. Mwezi ujao mtoto wetu anapata kipaimara na ninatamani wageni wamiminiwe chai kutoka kwenye buli hili, siyo kwenye chupa. Nifanyeje bila kuliharibu sura?

Mwalimu, Tukuyu

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza mwombe baba watoto asubiri kidogo. Ameona shida akataka kuimaliza, na hilo ni jema, lakini grinda ni ya mageti. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii mama mmoja aliniletea buli linalocheza kama lako. Nikaona aibu kumwambia alifuate kesho. Nikaazima grinda kwa jirani, nikagusa kitako kikiwa kikavu. Haikufika hata nusu dakika. Jiwe la grinda lilipasha moto sehemu ndogo huku pengine pote pakiwa baridi, mtetemo ukaingia kwenye udongo, nikasikia mlio mdogo tu, tik, na ufa ukapanda kutoka kitakoni hadi shina la mdomo. Nilimrudishia fedha, nikamfinyangia jingine bure. Lakini lile lilikuwa la marehemu mama yake. Tangu siku ile kila buli linaloletwa kwangu linakaa angalau usiku mmoja kabla sijaligusa.

Usimlaumu yule mzee. Udongo mbichi una maji, ukikauka unasinyaa, na ukiingia tanurini unasinyaa tena. Udongo unaochomwa kwenye nyuzi 1,200 na zaidi, hadi uwe mgumu kama jiwe, hupungua karibu sehemu moja ya kumi tangu ulipotoka mikononi mwa mfinyanzi. Na buli ndicho chombo kigumu kuliko vyote tunavyofinyanga, maana lina mkono upande huu na mdomo upande ule. Pale vilipoungwa udongo ni mnene, unachelewa kukauka, na unavuta wenzake. Kitako nacho kimelala juu ya ubao, hewa haipiti chini yake. Halafu moto ukikolea udongo hulainika kidogo, na bamba la tanuri likiwa limepinda, kitako nacho kinafuata kupinda. Sisi wafinyanzi tunasema udongo unakumbuka: ukiuinua vibaya ukiwa mbichi, hata ukiunyoosha vizuri, ndani ya moto unarudi kulekule ulikopindwa. Msimu wa mvua, na Tukuyu mnaijua mvua, kazi ya kukausha kitako sawasawa inaweza kumtoa mtu machozi.

Sasa sahau meza, ukumbuke jiko la bibi yako. Mafiga matatu, hakuna linalolingana na mwenzake, sakafu yenyewe ya udongo yenye mashimo, na chungu cha maharage juu yake kimetulia tuli. Kigoda cha miguu mitatu ni hivyohivyo, ukiweke uwanjani au jikoni kinakaa. Kiti cha miguu minne ndicho kinachotafuta kijiti cha kuwekewa chini. Pete ya kitako cha buli ni kama chombo chenye miguu elfu, yote inagombania meza, na ikipinda kidogo tu inabaki kusimama kwenye miwili na kubembea. Kwa hiyo hatuhitaji kitako kilichonyooka kama kioo. Tunahitaji mahali patatu pa kukanyagia, palipoachana vizuri. Hilo tukilipata, sura ya buli haiguswi kabisa.

Kabla ya chochote, hakikisha anayecheza ni buli. Liweke mezani, litikise, kisha ligeuze robo mzunguko palepale ulitikise tena. Kule kucheza kukigeuka pamoja na buli, kosa ni lake. Kukibaki upande uleule wa meza, meza yako ndiyo inayohitaji fundi. Nimeshaletewa mabuli mawili mazima kabisa, safari nzima kutoka Mbalizi, kwa kosa la meza.

Kisha ligonge taratibu kwa ukucha, likiwa tupu na bila kifuniko. Buli zima lina sauti inayokwenda mbali kidogo, kama kengele ndogo. Likitoa sauti iliyokufa, kama kugonga kibuyu kilichopasuka, lina ufa hata kama huuoni. Hapo usisugue wala usijaze maji ya moto, niandikie tena.

Nenda kwa fundi wa vioo umwombe kipande kilichobaki, kama sentimita 30 kwa 30, kile kinene. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote utakavyopata kwa bei ndogo. Kilaze mezani juu ya taulo, ukiwa na pimamaji ukipime kwa urefu na kwa upana. Saga mkaa kidogo, ulowanishe, upake utando mwembamba juu ya kioo kwa kitambaa. Weka buli wima, libonyeze kidogo bila kuliburuta, liinue, uligeuze uangalie chini. Palipopata weusi ndipo linapokanyaga. Usichanganye mkaa na mafuta, kwa sababu pete ya kitako mara nyingi haina ule utando wa kioo unaong'aa, ule unaofunika udongo wa buli, iko wazi, na mafuta yataingia yasitoke. Mkaa na maji unaoshwa ukaisha.

Kitakachoonekana ni moja ya mambo matatu. Inawezekana ukaona doa moja dogo lililotuna: ni tone la ule utando wa kioo lililoteremka, au punje ya mchanga wa tanuri iliyoganda. Hilo ni la kushukuru. Jiwe la kunolea visu, maji, unasugua doa lile tu polepole, na mambo yamekwisha kabla uji haujapoa.

Inawezekana ukaona weusi katikati ya kitako na pete yote nyeupe. Tumbo la chini limeshuka. Buli la namna hii halibembei tu, linazunguka kama pia ukilisukuma. Katikati hapo usipasugue hata kidogo! Sakafu ya buli inaweza kuwa na unene wa milimita 4 au 5 tu, na ndiyo inayobeba chai yote.

Au utaona alama mbili zinazotazamana, na kwingine kote hakuna kitu. Pete imejipinda kama chapati iliyoinuka pembeni. Kwa maelezo yako nadhani lako ni hili.

Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Kadi zako mbili ni milimita moja na nusu. Nimejiwekea kipimo kwa miaka mingi: mwanya usiomeza hata kadi moja, nasugua, mwanya unaomeza kadi moja au zaidi, naweka miguu. Kuondoa milimita moja na nusu kwenye udongo uliochomwa ukawa jiwe ni jioni nyingi za kusugua, na ukimaliza utakuwa umekula nusu ya pete. Pete hiyo, mwalimu, siyo ya kusimamia tu. Ukilitazama buli lako kwa mbali utaona mstari mwembamba wa kivuli kati yake na meza. Kivuli kile ndicho kinachofanya tumbo lionekane jepesi, kana kwamba limeshushwa sasa hivi. Ukiikata pete, buli litaonekana limekaa chini limechoka, na hutajua kwa nini hulipendi tena. Kwa hiyo lako ni la miguu mitatu, na kwa bahati nzuri hiyo ndiyo kazi inayoweza kufutwa siku ukitaka.

Tafuta silikoni ile isiyo na rangi wanayotumia mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Tyubu nzima ni nyingi mno kwa kazi hii, mwombe fundi anayemalizia dirisha akukamulie kidogo. Ikikauka inavumilia nyuzi 200 hivi za joto, na chai yako haitafika hata nusu yake: hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kwenu Tukuyu hakuna tofauti kubwa. Wengi hukimbilia vitu vingine. Supaglu inakuwa ngumu na kavu, ikikutana na moto na maji mara kadhaa inaachia bila taarifa. Gundi ya vijiti, ile ya kuyeyusha, italainika tena chai ikiingia. Kipande cha ndala ambacho sote tumekiweka chini ya kabati, kwenye joto kinabonyea na buli linaanza kucheza upya. Saruji nimeiona kwenye kitako cha buli zuri sana la Njombe, na nilihuzunika, kwa sababu saruji haitoki bila kutoka na ngozi ya udongo. Tyubu ya baiskeli inafanya kazi vizuri, sikatai, ila inaacha alama nyeusi kwenye kitambaa cheupe, nawe una wageni wa kipaimara. Karatasi ya mama mkwe wako itakufikisha Jumapili moja, mshukuru. Tone la kwanza la chai litailowanisha.

Osha kitako, kisha kiache kikauke siku nzima, kwa sababu udongo usio na utando hushika maji usiyoyaona. Pangusa pete kwa spiriti. Geuza buli kichwa chini juu ya taulo lililokunjwa, kifuniko kikiwa mbali kabisa na mikono ya watoto. Weka matone matatu ya silikoni, kila moja ukubwa wa punje ya kunde, kwenye ukingo wa ndani wa pete, siyo wa nje. Ukingo wa nje jicho linauona. Wa ndani atauona tu anayeosha vyombo.

Usiyaweke popote. Mtu aliyepika kwenye mafiga anajua kwamba chungu hakiangukii juu ya figa, kinaangukia katikati ya mafiga mawili. Basi tafuta upande ambao hutaki buli liangukie, uwekee figa hapo. Kwa buli ni upande wa mkono. Ndiko mtu anakodaka akiwa na haraka, ndiko mtoto anakovuta, na mara nyingi ndiko uzito ulikolalia. Tone moja liwe chini ya mkono sawasawa, mawili yaliyobaki yaende kushoto na kulia upande wa mdomo, umbali ukilingana kati ya yote matatu. Wengi hufanya kinyume, wanaweka mawili upande wa mkono wakidhani mawili yana nguvu kuliko moja, na buli linaanguka kinyumenyume.

Subiri kama robo saa hadi matone yafanye ngozi. Tandika nailoni juu ya kioo, maana silikoni inashika kioo kama mtoto anavyoshika mgongo wa mama yake. Geuza buli, lishushe taratibu kwa mikono miwili juu ya nailoni. Uzito wake wenyewe utayabonyeza matone, lile lililo kwenye mwanya litabaki refu na wenzake watakuwa wafupi, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Weka pimamaji juu ya tundu la buli, pale kinapokaa kifuniko, usawazishe kwa kidole. Kama matone yanabonyea mno hadi pete inataka kugusa kioo, telezesha kipande cha njiti ya kiberiti chini ya pete karibu na kila tone. Kisha ondoka. Mpe mtu funguo za chumba kama hujiamini, lakini usiliguse saa 24. Itanuka kama siki, hiyo ni kawaida, na harufu ikiisha ujue imeiva. Bandua nailoni, kata kwa wembe kilichotokeza nje, jaribu kwenye kioo kilichooshwa.

Mguu ukitokea mrefu zaidi ya mwingine usihuzunike. Ubandue kwa ukucha, uweke mwingine. Hilo ndilo ninalolipenda: buli linabaki lilivyotoka kwa mzee, na kila ulichoongeza kinaweza kuondoka.

Kwa wasomaji ambao mwanya wao haumezi hata kadi moja, kusugua ni hivi. Nunua msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi rangi wa magari, namba 120, 220 na 400. Ubandike juu ya kioo kwa maji tu, utashika wenyewe. Ongeza maji na tone la sabuni. Kama hujui buli lako lilichomwa kwa moto mkali au mdogo, dondoshea tone la maji kwenye pete isiyo na utando: likinywewa palepale, udongo ni laini, anza na 220 na uhesabu mizunguko, kwa sababu utalika haraka. Likikaa juu, ni jiwe, anza na 120 na uwe na subira. Shika buli kwa tumbo, kamwe usishike mkono wala mdomo, zungusha kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Mizunguko kumi, suuza, rudi kwenye kioo cha mkaa. Kumi mingine, rudi tena.

Ukiona alama nyeusi mahali patatu palipoachana, acha. Simama hapohapo. Mkono utataka kuendelea mpaka pete yote iwe nyeusi, ili uone kazi imenyooka. Usiusikilize. Malizia kwa 400 kulainisha ili kitako kisikwaruze meza, basi. Na usisugue pakavu hata mara moja. Vumbi la udongo uliochomwa lina mchanga laini usioonekana, unaingia kwenye mapafu na hautoki. Wafinyanzi wazee ninaowajua wanakohoa. Maji ya kusugulia usimwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba, mwaga shambani.

Ndani ya pete, katikati ya kitako, mara nyingi pana alama au herufi ya aliyefinyanga. Yeyote anayetaka kunyoosha kitako chote anaifuta. Ukishaifuta hakuna wa kumuuliza hilo buli ni la nani.

Siku ya kipaimara itaangukia baridi au mvua, Tukuyu haina namna. Usimimine chai inayochemka kwenye buli lililolala usiku kwenye kabati. Weka kwanza maji ya uvuguvugu, lizungushe hadi tumbo lote lipate joto na mkono wako uhisi, yamwage, ndipo uweke chai. Usilibandike kwenye jiko la mkaa hata kwa dakika moja ya kupasha. Chai ichemke kwenye sufuria kama kawaida, na maziwa na tangawizi yake, ichujwe, ndipo iingie. Litaishiwa mara kwa mara, vikombe vitano si vingi kwa ukumbi wa watu, kwa hiyo chupa iwe jikoni ikilijazia na buli litoke mezani. Wageni wa meza kuu wamiminiwe na buli. Nafurahi kwamba bado kuna mtu Rungwe, penye mashamba ya chai kila ukigeuka, anayetaka chai itoke kwenye udongo.

SWALI

Shikamoo mama. Nilikwenda Matema nikanunua chungu cha Wakisi pale kwenye soko la Lyulilo la Jumamosi. Chini ni cha duara kabisa. Nataka kukiweka kwenye rafu sebuleni lakini kinalala upande. Naweza kukisugua kitako kiwe bapa?

Kijana, Soweto, Mbeya mjini

JIBU

Marahaba baba. Usikiguse. Chungu chako hakina kasoro, kimetengenezwa kukaa kwenye mafiga na kwenye kata, ile pete ya majani ya kukalishia chungu, na duara ile ndiyo inayofanya moto ukilambe sawasawa bila kukipasua. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanaovileta kwa mitumbwi hadi Lyulilo wanafinyanga ukuta mwembamba sana, ukipitisha msasa utatoka upande wa pili. Udongo wao haukuchomwa kwenye tanuri la nyuzi elfu na zaidi, umechomwa kwa moto wa wazi, ni laini.

Kifanyie kata. Chukua majani makavu ya mgomba, yaloweshe, yasokote uyazungushe yawe pete yenye upana wa kiganja, uifunge kwa kamba ya mgomba hiyohiyo. Ukitaka cha kudumu, mama wa vikapu pale Iringa atakusukia pete ya milulu kwa siku moja. Mpe kipimo cha kitako kwa uzi. Pete iwe ndogo kuliko tumbo la chungu ili ijifiche chini, na chungu kionekane kimesimama chenyewe. Na mwalimu wa Tukuyu akisoma hapa ajue kwamba hata buli linaweza kukalia kata ya milulu kama silikoni haikupatikana.

SWALI

Habari za kazi, dada. Mimi ni mama lishe Iringa mjini. Nina buli mawili ya udongo, yanasimama vizuri, ila nikimaliza kumimina chai inateremka chini ya mdomo na kuchafua kitambaa. Fundi amesema apunguze mdomo kwa tupa.

Mama lishe, Iringa

JIBU

Nzuri, dada yangu, pole na moshi. Tupa akaitumie kwenye panga. Chai inapenda kushika udongo. Ukimimina polepole inakata tamaa kuruka, inageuka chini ya ukingo na kutembea kwenye shingo ya mdomo. Hata wanafizikia wameshughulika nalo: mwaka 2021 wale wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna walieleza namna tone dogo linavyobaki limejificha chini ya ukingo na kuuacha umelowa, na tone hilo ndilo linalovuta chai nyingine irudi.

Kwa hiyo fanya ukingo usilowe. Asubuhi kabla ya wateja paka siagi kidogo sana kwa ncha ya kidole chini ya ncha ya mdomo, kwa nje, kisha ufute mpaka ibaki ngozi tu. Mimina kwa uhakika, na unapokata inua mdomo ghafla. Usijaze buli mpaka shingoni, maana likijaa unalazimika kumimina kwa woga, na woga ndio unaomwagia kitambaa. Jioni osha ile siagi kwa maji ya moto na sabuni, isije ikachacha ukapeleka harufu kwenye chai ya kesho.